Pikapu ya Kale si Pambo la Sherehe

Imeenea mijini, na sasa imepanda hata milimani kwetu, dhana kwamba pikapu ya zamani, hasa ile iliyokwisha kutiwa injini isiyokuwa yake, kuongezewa springi na kuundiwa bodi upya, ni gari la kutazamwa siku ya sherehe wala si la kumfikisha mtu kazini kila asubuhi. Na wenye dhana hiyo, wakitakiwa hoja, hutoa methali, wakasema la kuvunda halina ubani, kana kwamba umri peke yake ni uvundo. Naikataa dhana hii, na naikataa nikiwa Kibakwe, mahali ambapo barabara hailiulizi gari mwaka wa kuundwa kwake.

Natuanze na kazi yenyewe. Anayetoka Mpwapwa kuja Kibakwe, kisha akapanda Wotta kufuata mahindi na maharage, au akateremka Lumuma kufuata vitunguu, hukutana na makorongo ya mchanga yaliyo makavu kiangazi kizima, lakini katika msimu wa mvua, ambao nyanda hizi huupata mara moja tu kwa mwaka, baina ya Desemba na Aprili, huweza kufurika kabla mtu hajamaliza kufunga turubai. Hukutana na udongo unaoteleza. Na juu ya yote hukutana na miinuko ya mawe. Gari dogo lililoshuka juzi melini kutoka Japani, lenye tumbo la chini na matairi membamba, ijapokuwa linang'aa na kadi yake haina hata mkunjo, hukwama katika korongo la kwanza, na aghalabu huvutwa na Land Rover ileile iliyodharauliwa.

Land Rover ilitoka mwaka 1948, wakati ambapo Uingereza, kwa taabu za baada ya vita, ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo, na kwa sababu hiyo bodi yake ikafanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, madini yasiyoliwa na kutu kama chuma. Ndiyo maana pikapu zake za aina ya 109 zilizoundwa miaka ya 1970 zingali na milango na mabawa yake ya asili, na ndiyo maana kadhalika mnunuzi mwenye busara haishii kuitazama bodi, bali hulala chini akaigonga chesi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma, kwani chesi ni ya chuma, na humo ndimo kutu hujificha.

Husemwa kwamba gari lenye injini ya kupandikizwa ni gari mgonjwa. Lakini injini ya dizeli ya 109 ilikuwa na nguvu za farasi 62 tu, na spea zake leo ni adimu. Fundi akiitoa na kuweka injini ya Land Rover ya 300Tdi, iliyokuja mwaka 1994 na nguvu za farasi 111, au akaweka injini ya Toyota au Isuzu, amemwondolea mwenye gari udhia wa kutafuta kifaa kimoja mwezi mzima. Kazi hiyo ina adabu yake: baina ya injini na giaboksi hutiwa sahani nene ya chuma iliyochongwa kwa mashine, na shafti ya giaboksi lazima iingie katikati ya klachi pasipo kupinda hata kwa unene wa unywele, maana ikipinda, beringi zitalia kabla ya mwezi kwisha. Basi lawama ya kazi mbovu na imwangukie aliyechonga vibaya, isitupiwe kila gari lililobadilishwa.

Ushahidi mkubwa wa maneno haya haupo mbali. Jirani zetu wa Kongwa waliletewa na Waingereza mpango wa kulima karanga mwaka 1947, na pamoja na matrekta yaliyobaki vitani vikaletwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Mitambo hiyo ikavunjika mmoja baada ya mwingine katika udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji, spea zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya paundi. Vifaru vile viligeuzwa Uingereza na watu wasioujua udongo wa Kongwa. Pikapu ya Kibakwe hugeuzwa na fundi apitaye njia ileile itakayopita. Mashine yoyote, mpya au kongwe, hufaa kwa kadiri ilivyolinganishwa na ardhi na kwa kadiri fundi na spea walivyo karibu.

Arusha ilipojaa Land Rover katika tamasha la Oktoba 2024, wengi waliona maonyesho tu. Wakasahau kwamba yalikuwamo magari ya watalii ambayo kazi yake ya kila siku ni porini.

Kweli, pikapu hizi hunywa mafuta kuliko gari dogo. Lakini mizani ya haki hupima lita kwa gunia lililofika sokoni. Tena kuna aibu ambayo sitaificha, nayo haitokani na ukongwe: ni tamaa ya wenye magari wanaoongeza injini karibu maradufu wakaacha breki za asili, wanaozidisha springi ili wazidishe mzigo, kisha juu ya magunia wakapakia kina mama na watoto. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa ipambe kabati, na injini iliyobadilishwa yapasa iandikwe katika kadi.

Kwa hiyo, ewe kijana wa Kibakwe unayeinunua pikapu ya babu yako, usione haya kuiendesha kila siku, wala usimsikilize akuambiaye uiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tengeneza breki kabla ya injini, injini kabla ya bodi, na rangi iwe ya mwisho. Mtafute fundi mwenye mashine ya kuchongea na subira ya kupima. Pakia mzigo kwa kiasi, na abiria uwaketishe ndani. Ukiyafanya hayo, gari lako litakuwa la kazi kuliko mengi yanayoteremka melini mwaka huu.