Nyumba ya Rehani Isiuzwe kwa Pupa

Siku hizi katika miji ya Uganda, mtu akishindwa kulipa deni la benki, habari zake huwafikia walanguzi kabla ya kuwafikia jamaa zake. Mlanguzi huyo hahitaji fedha nyingi za kujitangaza. Simu moja, kibao cha bati kilichopigiliwa mtini, dalali anayejua kaya zenye shida, na matangazo ya minada anayoyakata gazetini, humtosha kabisa. Jioni hubisha hodi na maneno matamu: nitakulipa leo hii, taslimu, uepukane na aibu ya mnada.

Sisi hatupingi biashara ya nyumba. Wapo wanunuzi waadilifu, na mauzo ya hiari aghalabu huleta bei bora kuliko mnada. Tunalolipinga ni kuifanya hofu ya mwenye nyumba kuwa mtaji. Na askari aliye kazini mbali na kwake hunaswa upesi kuliko wengine.

Yafaa basi kila askari ajue haki yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, mkopaji aliyechelewa kulipa hupewa notisi ya siku 45 za kazi ili arekebishe. Zikipita, nyumba haiuzwi mpaka apewe notisi nyingine ya siku 21 za kazi. Jumla ni siku 66 za kazi, yaani miezi mitatu hivi. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 yakataza ardhi ya familia kuuzwa pasipo idhini ya mwenzi wa ndoa. Anayedai sahihi usiku huu huu, pasipo mke kujua, hapana budi analo analolificha.

Lakini sheria haimsaidii aliyelala. Tangazo la gazetini huja mwisho. Barua ya kwanza ndiyo baragumu. Anayeificha mfukoni kwa haya humwachia mlanguzi miezi hiyo yote. Aende benki mapema aombe kupangiwa malipo upya. Akishauriane na chama chake cha akiba na mikopo. Na ikimlazimu kuuza, nyumba ithaminiwe kwanza na mthamini aliyesajiliwa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuitupa nyumba ya watoto.