Sala ya Anayeuguza

Wahenga walinena kwamba dua la kuku halimpati mwewe. Methali hii huelezwa kama somo kuhusu wanyonge na wenye nguvu, lakini ndani yake limo swali zito zaidi: je, ina maana gani kumwomba Mungu ilhali tunayempenda anazidi kuteketea mbele ya macho yetu?

Mkoani Njombe swali hili si la darasa la falsafa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huo wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Ni takriban mtu mmoja kati ya wanane. Kuanzia vijiji vya mashamba ya chai hadi Makambako, penye njia panda ya kwenda Songea na stesheni ya TAZARA, ni familia chache ambazo hazijawahi kuuguza au kuzika. Na mkoa huohuo umejaa makanisa.

Yapo majibu mawili mepesi, nami nayakataa yote mawili.

Jibu la kwanza husema kwamba mwenye imani ya kutosha atapona. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa za kufubaza virusi wakiamini wamepona. Fundisho la namna hii humtwisha mgonjwa mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na lawama kwamba imani yake ni haba.

Jibu la pili ni la baadhi yetu wasomi: sala ni kupoteza muda, kinachotibu ni dawa. Ni kweli dawa ndiyo inayofubaza virusi. Lakini tuikumbuke historia. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mpango wa serikali wa kutoa dawa hizo bure ulianza mwaka 2004. Kwa miaka ishirini na ushei, wengi hawakuwa na dawa ya kumeza. Walikuwa na uji, maji ya uvuguvugu, kitambaa cha kumfutia mgonjwa jasho, na sala. Je, tuseme bibi aliyekesha akimwombea mwanawe mwaka 1995 alifanya upuuzi? Au tuseme Mungu alijibu mwaka 2004, kana kwamba waliofia foleni ya miaka hiyo hawakuhesabiwa? Siwezi kutamka lolote kati ya hayo mbele ya kaburi.

Ninachoweza kusema ni hiki. Katika kisa cha Ayubu, rafiki zake walifanya jambo moja la maana: waliketi naye chini siku saba bila kusema neno. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake, wakaharibu. Katika Kurani, Nabii Yakubu anamlilia Yusufu hadi macho yanafifia, wala hahesabiwi kuwa mkosefu wa imani. Sala ya anayeuguza si hoja wala biashara. Ni kukataa kumwacha mtu peke yake, na kukataa kuyaita mateso yake jambo la kawaida. Sala ya aina hiyo ina maana hata isipojibiwa, kwa kuwa inamfanya aombaye abaki kando ya kitanda.

Hapo ndipo ilipo mizani. Sala inayomrudisha mtu kliniki, inayomkumbusha jirani kupeleka uji, inayomvunja moyo anayenyanyapaa, ni sala ya kweli. Sala inayoficha vidonge chini ya godoro ni hatari. Na sala ya kiongozi anayefungua kikao kwa dua kisha akapitisha bajeti isiyo na fungu la wagonjwa ni dhihaka. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, tulionjeshwa jinsi uhai wa watu wetu ulivyotundikwa kwenye fedha za wengine.

Basi tusimnyang'anye mama wa Makambako sala yake. Tujiulize tu, sisi wenye kalamu, mihuri na mafungu ya fedha: baada ya yeye kusema amina, ni kazi gani inayobaki mikononi mwetu?