Muuguzi mwenye homa asije kazini kwa sababu ya njaa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Divizioni ya Afya, Jimbo la Ituri, Bunia

Mheshimiwa,

Barua hii inahusu watu wako wa kazi. Wagonjwa wana wengi wa kuwasemea.

Ukumbuke mwaka 2020. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikavuka hadi Mambasa, huku Ituri, kisha ikafika Bunia, ilikuwa haijaisha. Tarehe 10 Machi Kinshasa ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona. Surua nayo ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto. Mpaka Ebola ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni, wauguzi walikuwa wakipambana na magonjwa matatu kwa mpigo, huku watu wa Djugu wakikimbia vita na kambi ya wakimbizi ya Kigonze, hapa Bunia, ikijaa.

Siku zile, kwenye milango ya ofisi za Leta, yaani za serikali, kulikuwa na ndoo ya maji ya klori na kijana mwenye termoflashi ya kupima joto. Vizuri kabisa. Ila kijana huyo analipwa na nani, na akiugua watoto wake watakula nini, hilo halikuwa kwenye bango lolote.

Unajua kuliko mimi jinsi wauguzi wengi wanavyoishi. Hawajamekanizwa, yaani hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Leta; miaka nenda rudi wanangojea matrikule, namba ya utumishi, na jibu la Kinshasa haliji. Wanachotegemea ni prime ya ndani, yaani fungu la pesa ambazo wagonjwa wanalipia fishi na matibabu, ambalo mahali pengi linagawanywa mwisho wa mwezi kwa kuangalia nani alikuwepo. Sasa mtu wa namna hiyo mwambie: ukisikia homa, kaa nyumbani. Atameza parasetamoli alfajiri, joto litashuka, atapita mbele ya termoflashi akisalimia, na saa mbili atakuwa anamchoma mtoto sindano. Kumwita mzembe ni kumwonea. Amepiga hesabu ya nyumba yake.

Katika janga lile la wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, wafanyakazi wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa. Sisemi ni prime iliyowaambukiza. Ebola huanza kama malaria tuliyoizoea, na muuguzi anaweza kumshika mgonjwa kabla yeyote hajashtuka. Lakini mfumo wa malipo unaomwadhibu anayekaa nyumbani ni mlango ulio wazi, na ufunguo wake uko mikononi mwako.

Naomba waraka wako kwa hospitali na vituo vyote: wakati wa mlipuko, siku za ugonjwa na za kutengwa zihesabiwe kuwa siku za kazi kwenye mgao wa prime. Utaniuliza pesa zitoke wapi. Wauguzi wenyewe wanacheza likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na inatembea, kwa nini kituo kisiweke kando fungu dogo la mapato kila mwezi, mbele ya macho yao wote? Na wafadhili wakija waambiwe mapema. Wanapofanya matibabu kuwa bure, kama ilivyofanyika wakati wa Ebola, mgonjwa anapona mfuko lakini prime ya ndani inakufa. Pengo hilo walijaze kabla ya kukodi jeep. Tuliona watu wa riposte, yaani wa kikosi cha kupambana na Ebola, wakilipwa vizuri na muuguzi wa wodi akitazama. Raia wakaanza kusema Ebola ni biashara, na chuki ile haikuchagua wa kumpata.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 2019 kambi ya riposte ilishambuliwa Biakato Mines, hapa hapa kwetu katika Mambasa. Miongoni mwa waliouawa walikuwemo mtu wa kundi la chanjo na madereva wawili. Madereva! Kwa hiyo orodha ya glovu, ya chanjo na ya prime ianze na dereva, mfagiaji, mlinzi, fundi wa kufua mashuka na wanaozika, ndipo ipande kwa wenye koti jeupe. Wanaozika hasa wapewe zamu fupi na siku ya kupumzika. Wanasaikolojia wanaoenda kwa familia za wagonjwa watenge saa kwa ajili ya wafanyakazi hawa pia.

Jambo la mwisho ni gumu kuliko yote. Septemba 2021 tume huru iliyochunguza riposte ile ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Kuna wanawake waliosema waliombwa miili yao ili wapate kazi au wasiipoteze. Mlipuko ukija, ajira huja kwa haraka na bosi mmoja hushika kalamu. Mama anayeombwa hivyo hawezi kupeleka malalamiko kwa mwenye kalamu. Awepo mtu wa kumpokea aliye nje ya hospitali na nje ya riposte, anayejulikana kwa jina na kwa namba ya simu tangu siku ya kwanza.

Waraka huo ubandikwe katika kila kituo, kando ya bei za matibabu, na uandikwe kwa Kiswahili, maana walinzi na wafagiaji wengi Kifaransa cha ofisi hakiwafikii.

Kwa heshima,
Mkaaji wa Bunia