UCHAMBUZI: Picha za kale za Safari Rally zisambazwe pamoja na majina

TANGU Safari Rally irejee katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutokuwemo tangu 2002, picha za enzi zake za kale huzagaa mitandaoni kila msimu wake unapowadia. Baadhi ni nadra mno, kwani zimetoka katika masanduku ya familia na hazikuwahi kuchapishwa gazetini.

Usambazaji huo una manufaa. Filamu huharibika kwa joto na unyevu, na nakala moja iliyofichwa sandukuni ikioza, basi imekwenda. Tatizo ni kwamba nyingi husafiri zikiwa uchi: hazina mwaka, mahali wala jina la mpigapicha.

Mfano wa Peugeot 404 unatosha. Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano na saba pekee yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na kwa mara nyingine yakamaliza saba. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo Bert Shankland wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, alishinda 1966 na 1967 kwa gari la aina iyo hiyo. Kwa hivyo Peugeot 404 iliyotapakaa matope, ikishangiliwa kama mshindi, yaweza kuwa ya mwaka wowote kati ya hiyo minne. Aidha, njia ya mashindano ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hivi kwamba hata nchi haijulikani kwa kutazama tu. Kinachoamua ni namba ya usajili na ile iliyobandikwa mlangoni, ambazo ndizo hukatwa picha inapopunguzwa ili itoshee kwenye simu. Maelezo ya kubahatisha yakishaandikwa mara moja, hunakiliwa hadi yakageuka kuwa ukweli.

Madereva angalau wanakumbukwa. Joginder Singh na nduguye Jaswant, walioshinda 1965 kwa Volvo PV544, hutambuliwa mara moja. Lakini ni nani wale wanakijiji wanaosukuma gari lililokwama, au fundi aliyelala chini yake? Wao hupewa jina moja tu, "mashabiki", hata pale ambapo bila mikono yao gari lisingetoka matopeni.

Kuna pia suala la haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda picha kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, kutegemea lipi lilitukia mwisho. Maana yake, picha ya 1965 iliyofichuliwa jana si lazima iwe mali ya kila mtu. Na anayemiliki karatasi si lazima awe mwenye hakimiliki.

Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 na kuihamishia Nairobi baadaye, aliacha hazina ya picha yenye jina lake. Wapigapicha wengi wa kando ya barabara hawakubahatika hivyo.

Muda nao unayoyoma. Shekhar Mehta, mshindi mara tano, alifariki 2006, naye Joginder akafuata 2013. Fundi aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1965 sasa amefikia miaka 80.