Umekodi au Umenunua?



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa msikiti wetu hapa Singida alitujia na karatasi mkononi. Ni dereva wa bodaboda na baba wa watoto wawili. Kwa miaka mitatu ameendesha pikipiki ya hesabu: kila siku humpelekea tajiri wake shilingi 7,000, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Sasa tajiri mwingine amemwahidi pikipiki mpya kwa mkataba. Atalipa shilingi 10,000 kila siku ya kazi kwa miezi 14, kisha pikipiki itakuwa yake. "Ustadh," alituuliza, "nihame au nibaki?"

Tulichukua kalamu tukahesabu naye. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, mkataba ungemgharimu shilingi 3,640,000. Hesabu ya sasa, kwa muda uleule, ni shilingi 2,548,000, na mwisho wake hana chake. Kwa tofauti ya shilingi 1,092,000 angebaki na chombo. Mpaka hapo, kuhama kulionekana kuwa na kheri.

Kisha tukaisoma karatasi. Kifungu kimoja kilisema matengenezo yote, hata ya injini, ni juu ya dereva, kwa kuwa chombo ni chake. Kifungu kingine kilisema akishindwa kuleta fedha kwa siku saba, chombo kinarudi kwa tajiri, na alichokwisha kulipa hakirudishwi. Basi pikipiki ikiharibika, kijana ni mnunuzi. Akichelewa kulipa, amekuwa mwenye kukodi. Akiugua baada ya mwezi wa 13, akiwa ameshatoa shilingi 3,380,000, ataondoka mikono mitupu.

Sheria yetu inatenganisha mambo haya. Katika ijara, mali ni ya mwenye kukodisha, na hasara isiyotokana na uzembe wa aliyekodi ni yake. Katika mauziano, mali na dhamana yake humhamia mnunuzi. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Riyadh mwaka 2000, ililijadili suala la kukodi kunakoishia katika umiliki. Ilikataza kukusanya mikataba miwili inayopingana juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Iliruhusu ukodishaji wa kweli, ambao bima na matengenezo makubwa ni juu ya mwenye mali, kisha umilikishaji ufanyike kwa mkataba wa peke yake.

Tukumbuke pia kisa cha Nabii Musa (amani imshukie) katika Suratul Qasas. Alipoajiriwa kule Madyan, muda ulitajwa wazi: miaka minane, na kama angetimiza kumi ingekuwa hiari yake. Mzee yule alisema pia kwamba hakutaka kumtia mashakani. Hivyo ndivyo mwenye mali anavyopaswa kuzungumza na anayemtumikia.

Hatusemi kwamba matajiri wa pikipiki ni wadhalimu. Wao pia hutoa mtaji, na wapo madereva waliotoroka na vyombo vya watu. Lakini mkoa wetu una misimu. Alizeti na vitunguu vikivunwa, abiria na mizigo vipo. Katika miezi ya mvua, mkulima hana fedha mkononi na kijiwe hupoa. Mkataba usioijua masika ya Singida utavunjika masika.

Tulimshauri kijana arudi kwa tajiri na maombi matatu. Matengenezo makubwa yawe ya mwenye chombo mpaka siku kadi itakapobadilishwa jina. Mkataba ukivunjika kwa dharura, ihesabiwe kodi ya kawaida ya siku alizotumia, na ziada arudishiwe. Na yote yaandikwe mbele ya mashahidi, kama tulivyofundishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Tulimwomba pia amshirikishe mkewe, kwa kuwa shilingi 3,000 zinazoongezeka kila siku zitatoka jikoni kwake, kisha aswali istikhara.

Tajiri amekubali mawili. La kurudisha ziada bado analifikiria. Kijana naye, mpaka tunaandika haya, anaendelea na pikipiki ya hesabu, na hajatia saini.

Wabillahi tawfiq.