Kutetea Si Kutoa Lawamani

Ndugu washairi na wapenzi wa lugha, nina dukuduku, na leo nalitoa. Mhariri mmoja amenirudishia tarjuma yangu. Kila nilipokutana na kitenzi cha Kiingereza "vindicate" niliandika "kumtoa mtu lawamani" au "kudhihirisha haki yake", kwa kadiri ya muktadha. Yeye kayakata yote, na juu yake kaandika neno moja: "kutetea". Pembeni akaniusia kwamba neno moja hutafsiriwa kwa neno moja.

Nakataa. Kutetea kumezaliwa na kuteta, kwa maana ya kubishana. Anayemtetea mwenzake anateta kwa ajili yake, na anaweza kushindwa. Wakili huitwa mtetezi hata mteja wake akiishia gerezani. "Vindicate" ya mtu aliyeshutumiwa haikubali kushindwa: hainenwi mpaka ukweli umejitokeza na washutumu wamekosa la kusema.

Wengine hukimbilia "kuhalalisha", na hapo wamepotea zaidi, kwani anayehalalisha jambo huanza na jambo lenye walakini, kisha akalitafutia uhalali. "Kuhesabiwa haki" kwa Biblia ya Union Version ya 1952 nako ni kwa mwenye dhambi anayehesabiwa kuwa mwema. Ninayemzungumzia mimi hakuwa na hatia tangu mwanzo.

Tazameni kisa cha Kapteni Alfred Dreyfus wa jeshi la Ufaransa, aliyehukumiwa mwaka 1894 kwa uhaini asioutenda. Mwaka 1898 Émile Zola alimtetea kwa barua ya wazi gazetini; Zola mwenyewe akashtakiwa, na Dreyfus akabaki kifungoni kisiwani. Mwaka 1899 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani mara ya pili, kisha rais akamsamehe. Ni mwaka 1906 tu ambapo mahakama ya juu ya rufani iliifuta hukumu ile. Baina ya kutetewa na kutolewa lawamani ilipita miaka minane. Mhariri wangu angeimeza yote katika neno moja!

Nimpe haki yake mahali pamoja. Mary Wollstonecraft alipokitia jina kitabu chake cha mwaka 1792 juu ya haki za mwanamke, alitumia nomino ya kitenzi hikihiki, na pale "utetezi" unakaa vizuri. Haki ile ilikuwa bado inadaiwa, na kitenzi cha Kilatini kilichozaa hiki cha Kiingereza kilibeba pia maana ya kudai. Lakini insha yangu haikuhusu madai. Ilihusu mtu aliyesingiziwa.

Nami nawajua watu hao. Marehemu baba alikuwa mweka hazina wa chama kimoja cha ushirika. Fedha zilipopotea, akasimamishwa. Miaka miwili mama alimtetea, kisimani na misibani, mpaka sauti ikamkauka. Mkaguzi alipokuja, akakuta hesabu za baba safi. Mwizi alikuwa mwingine. Viongozi wakasimama mkutanoni, wakatangaza kwa furaha kwamba chama kimemsamehe.

Baba aliinuka, akauliza, "Mmenisamehe kosa gani?"

Hakuna aliyemjibu. Tarjuma nairudisha kwa mhariri leo, maneno yangu yakiwa palepale yalipokuwa.