Koma Moja, na Mweka Hazina Anaitwa Mwizi

Kwenye chama, hesabu ikikataa kulingana, macho yote humgeukia mweka hazina. Maoni yangu ni haya: kabla hamjaitisha mkutano wa dharura, angalieni kwanza ile kompyuta.

Sisi Wakenya elfu kumi na mbili tunaiandika 12,000. Koma ni ya maelfu, nukta ni ya senti. Ujerumani ni kinyume kabisa. Sasa chukua laptopu ya mitumba iliyotoka huko, na hakuna aliyebadilisha mipangilio yake ya nchi. Windows bado inaamini iko Ujerumani, na Excel hufuata Windows. Unanakili michango kutoka kwa stetimenti ya simu: 850, 1,500 na 12,000. Jumla halisi ni 14,350. Excel inasoma 850, kisha moja na nusu, kisha kumi na mbili. Jumla inakuja 863,5. Na haikupi onyo lolote, hiyo ndiyo shida.

Angalau kosa kubwa hivyo utalishtukia. Tarehe ndizo hupita kimyakimya. Kompyuta yenye mipangilio ya Marekani husoma mwezi kwanza, kwa hivyo mchango uliotumwa 03/04/2025, yaani tarehe 3 Aprili, unageuka kuwa wa Machi 4. Mwenzenu alilipa vizuri, lakini kwenye daftari la chama Aprili yake ni tupu. Anapigwa faini bure.

Kujua kama kompyuta yako inasoma koma sawasawa hakuchukui hata dakika moja. Andika 12,000 kwenye A1, halafu kwenye B1 andika =A1*2. Ukipata 24 badala ya 24000, simama hapo hapo. Ingia mipangilio ya Windows, tafuta Region, na kwenye Regional format uchague ya Kenya. Ufunge Excel, uifungue tena, unakili upya.

Lakini mzigo huu si wa mteja peke yake, na hapa nasema hata sisi kampuni za malipo. Faili tunayompa mtu aende nayo kwa kompyuta ingefaa kuandika 12000 bila koma, na mwezi kwa jina: 3 Aprili 2025. Hiyo haichanganyi mtu yeyote. Kama stetimenti unayoletewa bado ina 03/04, wapigie huduma kwa wateja uwaambie, na usichoke kuwaambia.